Mkanda Uliolegea

Jumatano, Machi 6

Mvua imeanza leo mchana, nikiwa dukani nasaga lenzi ya mteja. Mwenye duka akatazama nje, akasema wateja wa miwani sasa tutawaona Mei, akaenda kulala nyuma ya kabati la fremu. Nimeamua kuandika msimu huu kwa sababu bendi yetu itarekodi wimbo wake wa kwanza, na Chiriku anasema iko siku watu watatuuliza ilikuwaje. Chiriku ni binamu yangu, binti wa shangazi, na hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe. Jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya.

Tuko watatu. Chiriku anaimba na kupiga gitaa, mimi napiga besi. Ngoma anapiga jirani yetu ambaye ni fundi bomba, na Bomba ndilo jina lake kwetu. Hatuna kampuni, meneja wala jina la bendi. Mazoezi tunafanyia kwenye stoo ya nyumbani, kati ya magodoro mabovu ambayo yanasaidia kumeza kelele.

Kila mmoja ana mwalimu wake. Chiriku anaimba kwa kunong'ona, midomo ikigusa maikrofoni, kama wale wadada wa mbali anaowasikiliza kwa visikizio hadi anasahau kula. Bomba anapiga mapigo makavu ya kompyuta, ingawa kompyuta yenyewe hana. Aliyaokota kwa kinyozi. Na chini ya yote hayo iko kaseti ya baba.

Baba alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi moja ya dansi. Bendi ilivunjika kabla sijazaliwa, gitaa akaligawa, akajifunza ufundi saa. Kilichobaki ni kaseti moja na redio yake iliyovunjika mpini, na mimi na Chiriku tumekulia hapo. Upande wa pili kuna wimbo ambao besi yake inatembea taratibu, inashuka, inasimama kama mtu aliyesahau kitu ndani, halafu inarudi. Wimbo wetu tumeujenga juu ya hiyo besi. Maneno ni yetu, mwendo ni wa kaseti, na hatujifichi.

Jumamosi, Machi 9

Tumekwenda studio. Ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, paa la bati, dari nyembamba. Mtu wa studio, tunayemwita Injinia, alikuwa amekwisha kutega maikrofoni mvua ilipoanza. Akasikiliza, akavua visikizio, akasema hapa atarekodi mvua tu, sisi tutakuwa wageni wake. Turudi ikikatika.

Machi 12

Haijakatika.

Alhamisi, Machi 14

Baba aliniomba nimsindikize kununua betri za saa. Tulipofika dukani akapitiliza, nami nikamfuata nikidhani amepotea, mpaka kwenye ngazi za kliniki ya masikio. Kumbe alikuwa amekuja peke yake mara kadhaa. Safari hii alitaka mtu wa kusikiliza maneno ya daktari, maana yeye alikuwa hayapati yote.

Daktari ni mama mmoja mpole, anaongea huku amemtazama mtu usoni. Alisema si nta wala si maji. Mishipa ya masikio yote mawili inakufa, na kwa baba inakwenda mbio. Sauti nyembamba zimekwisha kuondoka, ndege, kengele, watoto wadogo. Nzito bado zipo, ila nazo ziko njiani. Vifaa vya kuvaa havitamfaa sana. Nikamuuliza basi tufanye nini, akapanga karatasi zake ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Anachotaka kukisikia, akisikie sasa," alisema.

Kazini kwangu mtu akishindwa kusoma herufi nabadilisha lenzi, nabadilisha tena, mpaka asome. Leo nilikaa mikono mapajani kama mgeni.

Njiani baba alinishika mkono, akanitaka niape kwamba sitamwambia mtu, si shangazi wala Chiriku. Nikamuuliza kwa nini.

"Wataanza kunipigia kelele na kunionea huruma, vyote pamoja. Sitaki."

Nikaapa. Tukaenda kweli kununua betri, ili uongo wetu uwe na mfuko wa kurudi nao. Mlangoni mwa nyumba akasimama, akasema kitu kimoja tu anachokitaka ni kuusikia wimbo wetu redioni, akae aumalize kama watu wengine. Nikamwambia atausikia. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuahidi mvua itakatika.

Jumamosi, Machi 16

Studio. Mvua. Injinia ametufundisha karata.

Jumatano, Machi 20

Shangazi leo amevimba. Anasema kaka yake ameota kiburi uzeeni; anaitwa mara tatu kuja kula na anajifanya hamnazo. Baba akaendelea kufuta kioo cha saa. Shangazi akanigeukia mimi, eti na wewe unacheka nini. Sikuwa nacheka, uso wangu tu ndio ulijipanga vibaya. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia.

Jumamosi, Machi 23

Studio ilikuwa kavu hadi saa nne. Bomba hakuja. Mtaa mzima mabomba yameziba, na msimu huu yeye ndiye mfalme. Alipotokea akinuka matope, mvua ilikuwa inapanda ngazi pamoja naye.

Jumapili, Machi 24

Leo nataka niandike polepole, ili nisiache kitu.

Tulikuwa stooni tunaurudia wimbo. Baba akaingia na kigoda chake, akakiweka ubavuni mwa spika ya besi, goti likiigusa. Hakuwahi kuingia mazoezini. Tukapiga. Akaomba tena, tukapiga. Kwenye kupokea kiitikio niliteleza noti moja, na kabla sijajirekebisha alikuwa ameinua kidole. Akatikisa kichwa, akaniimbia ile noti iliyotakiwa. Moyo ulinipasuka kwa furaha, kwa sababu mtu hawezi kurekebisha asichokisikia.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Nani kawaambia hiyo ni besi?"

Chiriku akasema iko kwenye kaseti.

"Hiyo ni solo yangu, mwanangu. Inakaa huku juu kabisa." Akanyoosha mkono na kuuonyesha mwisho wa shingo ya gitaa la Chiriku, kule vidole vinakobanana. "Ile redio mkanda wake umelegea miaka yote. Inavuta kaseti kama punda mgonjwa, ndiyo maana kila kitu kimeshuka. Wimbo ule ulikuwa mwepesi. Watu walikuwa wanautolea jasho."

Utoto wetu wote, uzito tuliouita uzuri, ile huzuni Chiriku aliyokuwa anaieleza kwa watu huku amefumba macho, ulikuwa ni mpira wa redio uliochoka. Chiriku akauliza mbona hakuwahi kuutengeneza. Baba akasema yeye ni fundi saa, si fundi redio. Ndilo jibu lake kwa pasi, feni na kila kitu cha nyumba hii.

Nikamuuliza kama tumemharibia wimbo. Akakunja uso kidogo, akafikiri.

"Tungejua unaweza kupigwa hivi, tungeupiga hivi. Haya, rudieni."

Tukarudia mpaka giza. Bomba akasema basi bendi imepata jina, Mkanda Uliolegea, na Chiriku akaruka kana kwamba ndiye aliyelifikiria. Mimi nilikuwa natazama goti la baba pale kwenye spika. Najua kwa nini anaupenda hivi. Hivi anaupata wote. Huko juu alikouweka zamani ndiko kulikokwisha kufungwa.

Jumamosi, Machi 30

Mvua. Chiriku amechoka kusubiri, ameturekodi stooni kwa simu na kuweka kipande mtandaoni. Watu wamekipenda. Anasoma maoni kwa sauti hata chooni.

Jumatano, Aprili 3

Nilipitia kibandani kwa baba baada ya kazi. Mteja alikuwa amerudisha saa ya ukutani, analalamika bado inakwaruza. Baba akaiweka sikioni, akatulia, akasema iko sawa kabisa. Mimi nilikuwa mlangoni na nilikuwa naisikia inavyokwaruza. Mteja akanitazama ili nimuunge mkono. Nikatazama mwavuli wangu.

Aprili 6

Studio. Mvua. Injinia sasa anatuletea chai, amekata tamaa ya kututoa.

Ijumaa, Aprili 12

Mtangazaji wa kipindi cha jioni alisema ana kitu cha kutuchekesha. Tulikuwa wote sebuleni. Akapiga kile kipande cha Chiriku, akasema hii ndiyo pop ya kujitegemea, maana yake hakuna mtu wa kuwategemeza. Hapo hata sisi tulicheka. Halafu akasema ameingia kwenye maktaba ya redio na kupata walikoutoa. Akaupiga wimbo wa baba, wenyewe, kwa kasi yake.

Sikuwa nimewahi kuusikia. Ni mwepesi kweli, gitaa linachekacheka huko juu. Mtangazaji akaukata katikati. "Vijana wamenakili," akasema, "na hata kunakili kumewashinda. Wameinakili bendi ikiwa imelala." Simu zikafunguliwa. Mmoja akauliza kama tulirekodi tukiwa na homa.

Chiriku aliangalia sakafu muda wote. Baba alikuwa kwenye kiti chake anatabasamu. Alichokipata yeye ni mngurumo wa mwanamume anayeongea na kucheka. Gitaa lake mwenyewe lilipita mbele yake na hakugeuza shingo.

Jumamosi, Aprili 13

Studio hatukwenda. Tumegombana tangu asubuhi.

Chiriku amekuja na uamuzi tayari. Wimbo unapanda kwenye kasi ya kweli, ule mstari anauchukua yeye kwenye gitaa, mimi nibaki na noti za kushikilia chini. Bomba akasema kwake ni sawa, tena mikono itapata kazi. Nikasema hapana. Chiriku akataka sababu.

Nikasema ni mzuri ulivyo. Akasema hiyo si sababu, huo ni uvivu wa vidole. Nikasema jina la bendi linatokana na huo upole wake. Akasema jina litabaki, litakuwa utani mzuri. Nikasema baba anaupenda hivi. Hapo nilidhani nimeshinda.

"Mjomba anatupenda sisi," alisema. "Hata tungegonga masufuria angetikisa kichwa. Lakini ule ni wimbo wake, na nchi nzima imeusikia tumeuharibu. Mimi nataka umrudie kama alivyoutengeneza. Wewe hutaki?"

Ulimi uliniwasha. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, yalihitaji kufunguliwa tu. Nikayarudisha. Kwa nje Chiriku ndiye aliyekuwa anampigania baba, na mimi ndiye mtoto mbishi anayetetea nafasi yake kwenye besi. Tukapiga kura, wawili kwa mmoja.

Nilimfuata baba kibandani. Nilikaa karibu, nikaongea chini na polepole, kama ninavyofanya siku hizi, nikamwomba anifungulie kiapo. Akaweka koleo mezani.

"Wakijua watapiga kwa ajili yangu. Sitaki wimbo wa kumpigia mgonjwa. Nataka ule wenu."

Ningemwambia kwamba ule wetu umekwisha kuondolewa asubuhi ile. Lakini ningemwambia vipi bila kumwambia kwamba hatausikia? Ningekuwa namnyang'anya mapema, na mvua inanyesha, na kesho bado kuna kesho. Nikamwambia sawa. Akanipa saa ya mkononi nimshikie ukanda wakati anaufunga, nami nikaushika. Nimerudi nyumbani nimelowa, nimekasirikia kila mtu, na nikijiuliza nani hasa amekosea, simpati.

Jumatano, Aprili 17

Stoo imeingia maji. Magodoro yamevimba. Mazoezi yamehamia kwa Bomba, mtaa wa pili. Baba aliuliza mbona kimya. Nikamwonyesha maji kwa kidole, akaelewa, akasikitikia magodoro.

Aprili 20

Mvua. Chiriku amejikata vidole kwa mazoezi ya kule juu. Siwezi kusema hajitumi.

Aprili 23

Shangazi amemnunia baba rasmi. Baba hajagundua.

Jumamosi, Aprili 27

Kumekucha kukavu. Injinia alitupigia simu kabla hatujanywa chai, akasema njooni mbio.

Tumerekodi. Wimbo unaruka, gitaa la Chiriku linacheka huko juu, na juu yake sauti yake ya kunong'ona imekaa kama ilizaliwa hapo. Mapigo makavu ya Bomba yanaupa usasa ambao baba na wenzake hawakuwa nao. Nataka niandike kwamba ni mbaya, ila ni mzuri. Injinia alisimama. Chiriku alinikumbatia, akaniuliza sikioni kama bado nimenuna. Nikasema hapana.

Vifaa vikiwa bado vimetegwa, nikaomba tupige mara moja kwa mwendo wa zamani. Nilisema ni kumbukumbu tu. Chiriku alikuwa na furaha ya kutosha hata ya kunigawia, akasema twende. Injinia akahesabu. Nikaingia na ule mstari chini kabisa, ukashuka, ukafika pale unaposimama kama umesahau kitu, na katika ule ukimya likasikika tone la kwanza kwenye bati. Kisha mengine. Injinia akavua visikizio.

Bomba akasema basi, hiyo tumeikosa, na simu yake ikaanza kuita watu wa mabomba.

Alhamisi, Mei 2

Nimeleta spika ya besi sebuleni. Baba akaweka goti. Nikampigia mstari wote, mzigo wote wa sauti, mpaka shangazi akatoka jikoni na mwiko kutishia. Nikamuuliza baba kama anaupata. Akasema anaupata, kama mtu anayetembea nyumba ya jirani.

Ijumaa, Mei 10

Siku hizi haweki tena saa sikioni. Anaishika kwa ncha za vidole, anafumba macho.

Mei 13

Mvua kidogo. Tuliwapelekea redio wimbo, wamesema wataupiga Jumamosi, kipindi kilekile.

Jumamosi, Mei 18

Shangazi aliosha sebule. Bomba alikuja amevaa shati. Baba alinyoa, akavuta kiti chake mpaka mbele ya redio, akakaa wima na mikono mapajani.

Mtangazaji ni yuleyule. Alisema alitucheka mwezi uliopita, sasa anavua kofia, kwani Mkanda Uliolegea wamejua walikotoka. Sisi wote tuliinuka, na baba alipotuona tumeinuka akajua ndiyo huo. Akaiinamia redio. Wimbo ukaanza.

Shangazi alianza kucheza palepale kwenye mkeka. Chiriku alikuwa analia na kucheka, anamtazama mjomba wake, anasubiri afike kwenye ile solo yake, iliyorudi mahali pake baada ya miaka yote hiyo. Solo ikafika. Baba alikuwa amefumba macho, anapiga goti kwa kiganja, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sijaiona tangu ile Jumapili ya stooni.

Kiganja kilikuwa kinapiga polepole.

Chiriku alikiona. Kwanza akatabasamu, akadhani ni utani wa mzee, maana kilikuwa hakikutani na wimbo mahali popote. Kilishuka, kikasimama pale pa kusahau, kikarudi. Shangazi akapunguza kucheza. Chiriku akanitazama mimi, na nadhani uso wangu haukuweza kushika kiapo zaidi ya hapo.

Wimbo ukaisha. Wetu wa sasa ni mfupi, kasi imekula karibu robo yake. Likaingia tangazo la sabuni, mwanamke anacheka na ndoo zinagongana, na kiganja cha baba kikaendelea. Alikuwa bado na ubeti mmoja na kiitikio. Hakuna aliyesogea. Tulisimama pale, sisi wanne, tukamsubiri amalize. Alimaliza kwa pigo moja zito, akalaza mkono, akafumbua macho.

"Mmefanya vizuri kutouharakisha," alisema. "Nilikuwa naogopa mtauharakisha."

Nikatikisa kichwa kumkubalia. Chiriku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Alinyoosha mkono kuizima redio, iliyokuwa sasa inatangaza godoro. Baba akamzuia.

"Iache, mwanangu. Huenda wakaurudia."

Tukaiacha.